Kinyozi Aliyeitwa Dakika Moja

Watu wakimkumbuka kaka yangu huanza na ugonjwa, na hapo ndipo damu yangu huanza kuchemka. Eti "yule marehemu aliyekuwa anaanguka." Kaka yangu alikuwa kinyozi. Alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na mitatu, akafariki akiwa na hamsini na miwili, na katikati hapo alinyoa vichwa na ndevu ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Kifafa kilimshika mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine tatu, na kila mara hakikuzidi dakika mbili. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia saa, kwa hiyo najua ninachosema. Jumlisha dakika zake zote za kuanguka kwa miaka ishirini tuliyonyoa pamoja, zitaingia ndani ya siku moja. Mtu anaugua siku moja katika miaka ishirini, halafu hiyo siku ndiyo inakuwa jina lake.

Na wala kifafa hakikumuua. Iliyomuua ni homa ya mapafu, ambayo humshika yeyote. Lakini pale msibani nilisikia kwa masikio yangu mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba "ule ugonjwa wake umemmaliza." Nilitaka kumtoa nje kwa shingo. Nina sababu ya kuwa mkali hivi, na si sababu ya kujivunia.

Saluni yetu ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, vioo ukuta mzima, benchi la wateja karibu na mlango, na stoo ndogo nyuma. Kiti cha kwanza, chenye mwanga wa dirisha, kilikuwa cha kaka. Cha pili kilikuwa changu. Stoo ilikuwa na taulo, ndoo, madumu ya maji, na godoro jembamba ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliona.

Kabla ya kuanguka, kaka alikuwa anasikia harufu ya mpira unaoungua. Mpira wenyewe haukuwapo, harufu ilikuwa ndani ya kichwa chake tu, daktari alishamweleza. Lakini ilikuwa inamwonya mapema. Kutoka harufu mpaka kuanguka alikuwa na dakika moja hivi, na hiyo dakika aliitumia vizuri kuliko wengine tunavyotumia wiki. Aliinua uso, akanusa, akaondoa wembe kwenye ngozi ya mteja, akaufunga, akauweka kwenye sinia. Halafu akasema kwa adabu, "Dakika moja, mzee wangu," akaenda stoo kwa miguu yake. Mimi nilimfuata nikijifanya naleta taulo. Nilimlaza ubavu, nikamlegeza kola, nikaangalia saa. Kifafa kikipita nilimwacha alale, nikarudi kummalizia mteja.

Wateja walimbandika jina la Dakika Moja. Waliamini ana kibofu kibovu. Mzee mmoja fundi viatu alimpa ushauri mrefu kuhusu madhara ya chai, na kaka akamsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kama mtu anayepokea siri kubwa. Tulicheka siku hiyo mpaka tukashikilia viti. Ilikuwa afadhali kibofu kuliko kifafa, maana nani angempa shingo yake mtu mwenye kifafa?

Siri ilikuwa amri ya shangazi, dada wa baba yetu, ambaye ndiye aliyetulea. Alimbeba kaka mgongoni kwenda hospitali tatu tofauti akiwa mvulana wa miaka kumi na minne mwenye miguu inayoburuta chini. Kila alipotoka huko alisema neno lile lile: haya yasivuke kizingiti. Aliogopa tusije tukakosa kazi, tusije tukakosa wake. Simlaumu. Tulipata vyote viwili.

Kwa miaka ishirini wembe haukuwahi kubaki wazi mkononi mwa kaka. Narudia, maana ndiyo shina la habari yote hii. Hata mara moja.

Sasa, miezi mitatu baada ya mazishi, binti yake alikuja kuniomba kiti cha pili. Ana miaka ishirini na mmoja. Amejifunza kazi kwa miaka miwili kwenye saluni ya upande wa pili wa mji, amepata cheti, na mkono wake ni mwepesi kama wa baba yake. Vilevile ana kifafa, tangu akiwa na kumi na mitano. Yeye hasikii harufu yoyote. Vidole vya mkono wa kushoto humfa ganzi kimoja kimoja, kuanzia kile cha mwisho, na ganzi ikifika kwenye gumba anajua amebakiwa na muda wa kukaa chini. Mwajiri wake wa kwanza alimfukuza siku aliyojua. Alinieleza yote hayo amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema pia kwamba hataki kujificha stoo. Anataka wateja waambiwe kabla hawajakaa.

Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri wiki tatu, ambayo ndiyo namna yangu ya kukataa bila kukataa. Habari zikamfikia shangazi, na shangazi akaitisha kikao cha familia, Jumapili, mchana kweupe, humo humo saluni tukiwa tumefunga. Akamwalika na Mwalimu.

Nilipoambiwa Mwalimu anakuja, niliacha chakula mezani. Nilikuwa na siku tatu za kusubiri, na kwa siku tatu hizo sikulala vizuri hata moja.

Mwalimu alitufundisha hesabu sisi wote wawili. Sasa amestaafu. Upande wa kulia wa uso wake ana kovu linaloanza chini ya sikio na kushuka kufuata taya mpaka karibu na kidevu. Mtaa mzima unajua limetoka wapi: kaka yangu alimkata na wembe, miaka tisa iliyopita, kifafa kilipomshika akiwa kazini. Ndivyo inavyosemwa, na ndivyo nilivyoacha isemwe.

Kilichotokea ni hiki. Wiki ile vidonge vya kaka vilikuwa vimeadimika kwenye maduka ya dawa, naye alikuwa anavikata nusu nusu. Alikuwa ameanguka mara tatu kwa siku nne. Mimi nilikuwa roho juu, nikimwangalia yeye kwenye kioo kuliko nilivyoangalia kazi yangu. Mwalimu alikuja asubuhi mapema, mteja wa kwanza, kwa sababu siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake. Kaka alimlaza kichwa nyuma, akamfunika macho kwa taulo ya moto, akamaliza shavu moja, akahamia chini ya taya. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wakigombania gazeti. Mimi sikuwa na mtu kitini, nilikuwa nanoa wembe.

Kaka akasimamisha mkono. Akainua uso. Akanusa.

Mlango wa pili kulikuwa na fundi baiskeli, na fundi baiskeli asubuhi ile alikuwa anaunguza kiraka cha mpira. Moshi ulikuwa unaingia dirishani. Ningevuta pumzi moja tu ningeusikia, maana pua yangu haina ugonjwa wowote. Sikuvuta. Niliona kaka ananusa, nikaona wembe uko shingoni mwa mtu, nikaruka. Kaka alikuwa ameshaanza kuuinua wembe kutoka kwenye ngozi, kama alivyofanya siku zote. Mimi nikamshika kifundo cha mkono nikauvuta kuelekea kwangu, na ulipokuja ulipitia usoni mwa Mwalimu.

Damu ya uso ni nyingi. Kaka ndiye aliyebana jeraha kwa taulo, kwa mikono yote miwili, akizungumza na Mwalimu polepole asije akastuka zaidi. Mkono haukumtetemeka. Wale wa kwenye benchi walikuwa wameona mgongo wake tu. Mwalimu akavua taulo ya machoni, akauliza kumetokea nini. Mimi nilikuwa nimesimama kama nguzo, na lililotoka mdomoni ni hili:

"Mwalimu, kaka ana kifafa."

Siri ya miaka ishirini, nikaimwaga kuokoa mkono wangu. Kaka hakunigeukia. Aliniangalia kwenye kioo. Halafu akamwambia Mwalimu, "Ni kweli. Ninacho."

Mwalimu alishonwa nyuzi kumi na moja na akamwoza binti yake akiwa na bandeji. Mchana tulipokuwa tunasafisha sakafu, kaka aliniambia, "Ungenusa kwanza." Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akaniambia nisikilize. Wakijua ni mimi, alisema, hakuna atakayekaa kwenye kiti chochote humu ndani, kwa sababu mmoja atakuwa mgonjwa na mwingine atakuwa mkataji watu. Yeye wameshamwogopa, hilo haliwezi kurudi. Tuna nyumba mbili za kulisha. Akasema kitini nibaki mimi, lawama aibebe yeye. Nilikataa, au niseme nilikataa kidogo. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimehamia kiti cha dirishani.

Miaka tisa kaka yangu alifagia nywele. Alifua taulo, alichemsha maji, alininolea nyembe, na kwa sababu yake nyembe zangu zilikuwa kali kuliko zote mtaani, nikasifiwa mimi. Wateja waliokuwa wanamgombania walimpisha njia akipita na ndoo. Kila Jumapili, mlango ukiwa umefungwa, nilikaa kwenye kiti nikalaza kichwa, na yeye akaninyoa ndevu. Shingo yangu sikuwahi kuiogopea mikononi mwake. Mlango ndio nilioufunga.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa siku ya kikao. Shangazi alikaa kiti cha kwanza, kwa sababu ya magoti yake, nacho kikamzungusha kidogo mpaka akakishika. Mwalimu na shemeji yangu, mjane wa kaka, walikaa kwenye benchi. Binti alisimama karibu na kiti cha pili, kile kilichokuwa hakijakaliwa miaka tisa, tulikirundikia taulo. Mimi nilisimama kwa kukosa pa kukaa. Chumba kile ni vioo kila upande, ukikwepa uso wa mtu hapa unakutana nao pale.

Shangazi hakuzunguka. Alisema anampenda mjukuu wake, na kwa sababu anampenda hataki aishie kama baba yake, kunyooshewa vidole na mtaa mzima. Alisema mkono wa kifafa na wembe havikai pamoja, si yeye anayesema, uso wa Mwalimu ndio unaosema. Binti atafutiwe kazi nyingine. Ya kukaa. Ya kupanga mafaili, labda.

Mwalimu ni mtu mwema, na wema wake ulinikata zaidi ya ukali wa shangazi. Alisema hana kinyongo na marehemu. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini aliulizwa na akiulizwa hasemi uongo: yeye asingekaa tena chini ya mkono wa namna hiyo, wala asingemshauri mtu akae. Alisema hivyo akimwangalia binti usoni, kwa huruma, na binti akamsikiliza bila kupepesa macho. Shemeji yangu alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Nikadhani nitapona hapo. Nikafikiri, wataamua wao, mimi nitanyamaza, na nikinyamaza sitakuwa nimedanganya tena. Ndipo shangazi akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye duka sasa, na wewe ndiye uliyekuwepo. Sema ulichokiona, tumalize."

Nikasema siku nyingi zimepita. Nikasema nilikuwa nanoa wembe, sikuona vizuri. Nikasema labda tungempa binti mashine ya umeme tu, anyoe vichwa, ndevu aniachie mimi. Nilikuwa najisikia nikiongea na nilikuwa naona mdomo wangu ukichezacheza kwenye kioo mbele na kwenye kioo nyuma, na nilijichukia pande zote mbili. Shangazi akasema basi, kama hata mimi ninaogopa kumwachia ndevu, maneno yamekwisha.

Binti akauliza kama anaweza kusema. Shangazi akamwambia aseme.

Hakumwambia shangazi chochote, wala Mwalimu. Aliniuliza mimi, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Baba mdogo, siku ile baba alianguka?"

Miaka tisa. Mtaa mzima ulikuwa umelizungumza jambo lile, watu wazima wenye akili zao, Mwalimu wa hesabu akiwemo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza hilo. Mtu akishikwa na kifafa huanguka. Kaka yangu akishikwa alianguka kila mara, kifafa chake hakikuwahi kumwacha amesimama. Na siku ile alikuwa amesimama wima na taulo mikononi, akizungumza, akibana damu, mpaka gari lilipokuja.

Nilimwona Mwalimu anaanza kukumbuka. Ilimjia usoni polepole. Mkono wake ukapanda kwenye kovu na kubaki hapo.

Ningeweza kusema ndiyo. Nataka ijulikane kwamba nililifikiria. Ilikuwa neno moja tu, na marehemu hasemi. Binti angeenda kupanga mafaili na mimi ningebaki na kiti changu cha dirishani mpaka uzee. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho yale ya baba yake, siyo kwa hasira, kwa kusubiri tu, na nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka vibaya sana.

"Hakuanguka," nikasema. "Mkono ulikuwa wangu."

Nikaeleza yote, kiraka cha fundi baiskeli, kifundo cha mkono, nilivyosema na alivyonijibu. Nilipomaliza, shemeji yangu ndiye aliyezungumza kwanza, na hakuzungumza nami. Alizungumza na pindo la kanga.

"Mtaa ulisema yake, lakini mimi alikuwa ananiambia ameacha kunyoa kwa sababu mkono umechoka," alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa namkanda."

Mwalimu alisimama, akakaa tena. Alisema kila wiki alipopita pale mlangoni kwenda sokoni alikuwa anasimama makusudi, mbele ya watu, amwambie kaka kwamba ameshamsamehe. Aliona ni wajibu wake, ili watu wajifunze. "Na yeye ananiambia asante," alisema Mwalimu. "Kila wiki. Ameshika ufagio, ananiambia asante, Mwalimu." Kisha akafunika uso kwa mikono yake yote miwili, na mzee yule aliyetuchapa viboko kwa sababu ya kugawanya alilia kwa sauti.

Sikuwa na pa kujificha. Nilitaka mtu anipige. Hakuna aliyenipiga.

Shangazi ndiye aliyejikusanya. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema sawa, mtoto apewe kiti, hilo halina mjadala tena. Kisha akasema kuhusu hili lingine, sisi ni watu wazima, tuliomo ni watano. Marehemu amepumzika. Duka ni la familia. Haya yasivuke kizingiti.

Na aibu hii nayo niiseme: moyo wangu ulitulia. Nilipumua. Nilikuwa nimeungama na nilikuwa ninabaki na kila kitu.

"Hapana, bibi," binti akasema.

Alikuwa anatoa taulo kwenye kiti cha pili, moja moja, anaziweka kwenye kikapu, hakuacha hata alipokuwa anaongea. Alisema kizingiti ndicho kilichomfanya baba yake alale stoo kama mwizi. Kisha akanigeukia. "Ugonjwa wa baba uliutangaza mbele ya wateja. Na mkono wako kautangaze mbele ya wateja. Kesho."

Shangazi akaanza kusema kitu kuhusu heshima. Shemeji yangu, ambaye katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kumkatiza shangazi, akamwambia, "Mwache akaseme kesho, mama." Kikao kikaishia hapo.

Jumatatu nilifungua kama kawaida. Binti alikuja amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, akasimama nyuma ya kiti chake, akakunja mikono. Kwenye ukuta alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: kinyozi huyu ana kifafa, akiomba usubiri, tafadhali subiri. Wateja waliingia, wakasoma, wakaangaliana, wakakaa kwenye benchi kunisubiri mimi. Wa kwanza nilimnyoa nikamaliza. Wa pili pia. Binti hakunitazama wala hakunikumbusha. Alisimama tu pale, kiti kitupu mbele yake, saa nzima na zaidi, na kila nilipogeuka kuchukua brashi nilimwona kwenye kioo. Nina miaka arobaini na saba na kazi nyingine siijui.

Wa tatu alikuwa fundi umeme, mteja wangu wa miaka. Nilikuwa nimeshampaka povu na kumnyoa shavu la kushoto. Nikaona wembe unanitetemekea mkononi, nikajua nikiendelea nitamkata na yeye. Nikauweka kwenye sinia. Binti akanyoosha mkono akazima redio.

Nikasema. Sikupamba. Nilisema uso wa Mwalimu niliukata mimi, kaka hakuanguka siku ile, na katika miaka ishirini hakuwahi kumchubua mtu wakati kifafa kinakuja, kwa sababu aliweka wembe chini kila mara. Nilisema niliwaacha mumkimbie miaka tisa, na mkiniona naheshimika hapa ni kwa wembe alioninolea yeye. Mtu mmoja karibu na mlango alikunja gazeti lake, akatoka bila kuaga.

Fundi umeme aliniangalia kwenye kioo. Halafu akainuka, povu shavu moja, kitambaa bado kiko shingoni. Nikajua na yeye anaondoka. Akazunguka kiti changu, akaenda kukaa kwenye cha pili.

Binti akamwambia kama alivyopanga kumwambia kila mtu: vidole vikimfa ganzi ataweka wembe chini, na itabidi asubiri. Fundi umeme akasema kusubiri anajua, yeye ni fundi umeme, kila siku anasubiri umeme urudi, akalaza kichwa nyuma. Binti akafungua wembe.

Niligeukia benchi, nikauliza nani anafuata. Walikuwa wamebaki watano. Waliangaliana, na yule fundi viatu mzee, wa ushauri wa chai, ndiye aliyejibu kwa niaba ya wenzake. Alisema nisione vibaya, watamsubiri binti.